Sura bila majina: uchambuzi wa kisa cha Irma Stern na watu wa Unguja

Mwezi Machi mwaka 2011, katika mnada wa Bonhams jijini London, picha ya rangi ya mafuta iliyotokana na safari ya Unguja ya mwaka 1945 ilinunuliwa na Mamlaka ya Makumbusho ya Qatar kwa pauni 3,044,000. Mchoraji wake ni Irma Stern wa Afrika Kusini, na hadi siku hiyo hakuna kazi yake nyingine iliyokuwa imefikia bei hiyo mnadani. Picha yenyewe, inayomwonyesha mwanamume Mwislamu mwenye haiba ya mtu wa dini, inajulikana katika orodha za minada kwa jina la Arab Priest, yaani Padri Mwarabu.

Nyundo ya mnada haikumaliza shauri. Sheria ya urithi wa taifa ya Afrika Kusini, Na. 25 ya mwaka 1999, inataka kibali kabla ya kazi za aina hiyo kutolewa nchini kwa kudumu, na mamlaka ya urithi ya nchi hiyo ilipinga picha hiyo kuondoka moja kwa moja. Hoja za pande mbili zilisikika na kuandikwa magazetini. Upande mmoja ulisema kwamba kazi bora ya mchoraji mkubwa wa taifa haipaswi kupotea, na upande wa pili ulisema kwamba mnunuzi halali ana haki ya kuchukua alichokilipia, tena akiwa ni taasisi ya umma itakayoionyesha picha katika ulimwengu wa Kiarabu. Katika mabishano hayo yote Zanzibar ilitajwa kama mahali picha ilikotoka, lakini haikuhesabiwa kuwa upande wa tatu. Mtu aliyekaa mbele ya mchoraji, ambaye sura yake ndiyo iliyokuwa ikigombewa, hakutajwa hata kwa jina.

Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa kina kwa sababu kinaweka wazi swali ambalo kila mchoraji wa picha za watu hukutana nalo, na ambalo wengi hulipita bila kulijibu: mchoraji anapoingia katika jamii isiyo yake na kuwachora watu wake, anadaiwa nini na wenye sura hizo, na deni hilo linalipwaje pale ambapo mchoraji na wachorwaji wote wamekwisha kufariki?

Mchoraji na sababu za safari yake

Irma Stern alizaliwa mwaka 1894 Schweizer-Reneke, katika Transvaal, kwa wazazi Wayahudi wenye asili ya Ujerumani. Utoto wake ulikuwa wa kwenda na kurudi kati ya Afrika Kusini na Ujerumani, na mafunzo yake ya uchoraji aliyapata Weimar na Berlin, ambako alikutana na Max Pechstein, mmoja wa wachoraji waliokuwa wakiacha kunakili maumbile kama yalivyo ili rangi na mstari vibebe hisia. Aliporudi Cape Town mwaka 1920 alikuta hadhira isiyokuwa tayari kwa uchoraji wa namna hiyo, na onyesho lake la mwaka 1922 lilipokewa kwa dhihaka na lawama za kukosa maadili. Baada ya mwaka 1933, utawala wa Wanazi ulipomfungia mlango wa Ujerumani yeye kama Myahudi, macho yake yalielekea zaidi Afrika.

Lakini Afrika aliyoitafuta ilikuwa na masharti. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alilalamika hadharani kwamba Waafrika wa kusini aliowajua zamani walikuwa wamebadilika, wamevaa nguo za Kizungu na kupoteza, kwa maoni yake, ule uzuri uliomvutia. Ni vigumu kuyasoma malalamiko hayo leo bila kuona kasoro yake. Watu waliokuwa wakinyang'anywa ardhi na kulazimishwa kufanya kazi za mshahara walilaumiwa kwa kuvaa mavazi ya maisha waliyolazimishwa kuyaishi. Ndiyo maana alikwenda kutafuta mahali alipodhani hapajaguswa. Unguja alifika mwaka 1939 na tena mwaka 1945, na katikati ya safari hizo, mwaka 1942, alikwenda Kongo. Vitabu viwili vilitokana na safari hizo, cha Kongo mwaka 1943 na cha Zanzibar mwaka 1948, vyote vikiwa na maandishi yake na michoro yake.

Unguja aliyoikuta

Unguja ya mwaka 1939 ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu mwaka 1890, huku Sayyid Khalifa bin Harub akiwa kwenye kiti cha usultani alichokikalia tangu mwaka 1911. Ilikuwa mbali sana na kuitwa mahali pasipoguswa. Karafuu zake zilikuwa zikiuzwa masoko ya dunia, bandari yake ilipokea meli za Bombay, Maskati, Mombasa na Ulaya, na katika mitaa ya Mji Mkongwe mtu alisikia Kiswahili, Kiarabu, Kigujarati na Kingazija kabla hajafika sokoni. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, maana yake ni kwamba wakati Stern anafungua masanduku yake ya rangi, walikuwapo bado wazee waliozaliwa utumwani, na walikuwapo wazee waliowahi kuwamiliki.

Jambo hili lina uzito mkubwa katika uchambuzi wa ridhaa. Sheikh mwenye wanafunzi na heshima ya mji, akiombwa kukaa achorwe, ana uwezo wa kukubali, kukataa, au kuweka masharti ya namna ya kukaa na vazi la kuvaa. Msichana wa kazi za ndani, akiombwa na mgeni wa Kizungu aliyepokewa vizuri na wenye nyumba, hana nafasi hiyo, hata kama hakuna aliyemlazimisha kwa neno. Tukizitazama picha za Unguja kwa pamoja tunaziita picha za jamii, lakini kila moja ilitokana na mapatano yake, na mapatano hayo hayakuwa na mizani sawa.

Kwa upande wa watu wa dini, uamuzi wa kukaa mbele ya mchoraji ulikuwa mzito zaidi, kwa kuwa wapo wanazuoni wengi waliokataza au kuchukia kutengeneza sura za viumbe hai. Alim aliyekubali kuchorwa mwaka 1945 alikuwa amelipima suala hilo na kufikia rai yake. Kwangu mimi hilo pekee lingetosha kumfanya mtu huyo astahili kuandikwa kwa jina na kwa cheo chake sahihi. Badala yake amebaki na cheo cha upadri, ambacho hakimo katika Uislamu.

Studio za picha zilizokuwa mtaani

Wako wanaomtetea mchoraji kwa kusema kwamba zama zile hazikuwa na desturi ya kuhifadhi majina ya watu wa kawaida, na kwamba si haki kumhukumu kwa vipimo vya leo. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama Unguja isingekuwa na picha za sura kabla ya Stern kufika. Lakini ilikuwa nazo kwa miongo mingi. A. C. Gomes, mpiga picha kutoka Goa, alifungua studio yake kisiwani katika karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo iliendelea kuwapiga picha watu wa Zanzibar kwa vizazi.

Katika studio ya mtaani, mtu alikwenda kwa miguu yake mwenyewe, akachagua kanzu au gauni, akaamua asimame na nani, akalipa, kisha akarudi kuchukua picha yake. Ikatundikwa sebuleni, ikapelekwa kwa ndugu Mombasa au Maskati, na waliokuja kutembea wakaambiwa huyu ni fulani bin fulani. Mteja alikuwa mwenye picha kwa maana zote mbili, ya kuonekana ndani yake na ya kuimiliki. Watu wale wale, miaka ile ile, walipokaa mbele ya Stern walipoteza mambo yote mawili. Picha zilifungwa na kusafirishwa Cape Town, zikaonyeshwa na kuuzwa huko. Hata aliyelipwa ujira wa kukaa hakubaki na nakala ya kuwaonyesha wajukuu. Kwa hiyo hoja ya kwamba zama hazikujua njia nyingine haisimami. Njia nyingine ilikuwapo katika mji ule ule, na watu wa Unguja walikuwa wameizoea.

Vichwa vya picha na vinachoficha

Tukisoma vichwa vya picha hizi kwa mfululizo tunaona mtindo mmoja. Picha ya mwaka 1939 ya mwanamume aliyevaa nguo nyeusi inaitwa Arab in Black. Picha ya watu wawili ya mwaka huo huo inaitwa Two Arabs, na mwaka 2011 iliuzwa Afrika Kusini kwa zaidi ya randi milioni 21. Picha ya msichana wa Kibohora ya mwaka 1945, Bahora Girl, iliuzwa London mwezi Oktoba 2010 kwa zaidi ya pauni milioni 2.3. Kila kichwa kinamtaja mtu kwa kabila, jinsia au rangi ya nguo.

Kwa msomaji wa Cape Town au London, kichwa kama hicho huenda kinatosha. Kwa mtu wa Unguja hakitoshi hata kidogo. Mwarabu wa mwaka 1939 angeweza kuwa mwenye mashamba ya mikarafuu aliyezaliwa kisiwani na babu zake kuzikwa hapo, au Mmanga aliyekuja na jahazi miaka michache nyuma akafungua duka shamba, au Mshihiri kutoka Hadhramaut aliyeuza kahawa kwa vikombe barazani, au mwanazuoni aliyefungamana na Lamu, Ngazija na Hadhramaut kwa elimu na kwa ndoa. Watu hao hawakuwa na cheo kimoja, hawakukaa mtaa mmoja, na mara nyingi hawakuozana. Vazi, namna ya kufunga kilemba, joho na jambia vilisema mengi kwa aliyejua kuvisoma, na Stern aliyechora kwa jicho kali sana aliviweka kwenye turubai kwa uaminifu. Ndiyo kusema kwamba picha zenyewe zina habari nyingi kuliko vichwa vyake. Jicho la mchoraji lilimwona mtu mmoja, na kalamu yake ikaandika aina ya watu.

Picha moja kutoka safari ya Kongo na nchi jirani inathibitisha kwamba jina lingeweza kuhifadhika. Mwaka 1943 Stern alichora picha iitwayo Watussi Queen. Kichwa chake nacho hakina jina, lakini mwenye sura anajulikana: ni Malkia Rosalie Gicanda, mke wa Mwami Mutara III Rudahigwa wa Rwanda. Kwa kuwa jina lake linajulikana, picha hiyo inasomwa pamoja na maisha yake yote, hadi kuuawa kwake Butare mwezi Aprili 1994 wakati wa mauaji ya kimbari, na hadi hukumu iliyotolewa Arusha mwaka 2012 na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyomtia hatiani Kapteni Ildephonse Nizeyimana kwa makosa yaliyojumuisha kifo hicho. Mtazamaji anayejua habari hizo hawezi kusimama mbele ya uso ule wa kijana na kuona pambo tu. Yule wa Unguja wa mwaka 1945 naye alikuwa na maisha yaliyoendelea baada ya rangi kukauka. Tofauti kati yao ni kwamba mmoja alikuwa malkia.

Upande wa kumtendea haki mchoraji

Itakuwa dhuluma kumaliza uchambuzi bila kueleza kilicho bora katika kazi hizi, na binafsi naamini ni kingi. Stern hakuwachora watu wa Unguja kama vikaragosi wala kama watumishi wanaopita nyuma ya Wazungu. Aliwapa turubai nzima. Nyuso zao zinabeba fikra, uchovu, kiburi na subira, na rangi yake nzito iliyowekwa kwa kasi inawafanya waonekane wamekaa karibu sana na mtazamaji. Kitabu chake cha Zanzibar kilitoka mwaka 1948, mwaka ambao chama kilicholeta sera ya ubaguzi wa rangi kiliingia madarakani Afrika Kusini. Katika nchi iliyokuwa ikiandaa sheria za kuwatenga watu kwa rangi, kutundikwa ukutani kwa nyuso hizi kwa heshima ile hakukuwa jambo dogo, ingawa yeye mwenyewe hakuwa mwanaharakati na aliuza picha nyingi kwa wateja walionufaika na mfumo huo.

Picha ya Arab in Black ina historia inayoongeza uzito upande huu. Ilitolewa katika miaka ya 1950 ipigwe mnada ili kusaidia gharama za utetezi katika kesi ya uhaini iliyodumu kuanzia mwaka 1956 hadi 1961, ambamo washtakiwa 156, Nelson Mandela akiwamo, walikamatwa na hatimaye wote wakawa huru. Familia iliyoinunua ilihamia Uingereza, na baadaye picha ilikutwa katika nyumba moja ya London ikiwa ukutani jikoni, imebandikwa barua na bili, kabla ya kutambuliwa na kuuzwa mwaka 2015. Mtu wa Unguja alichangia, kwa sura yake, utetezi wa wapigania uhuru wa nchi ambayo pengine hakuwahi kuifikiria. Ingekuwa fahari kubwa kwa wajukuu wake kulijua hilo.

Fremu za nakshi na mwaka 1964

Picha kadhaa za safari ya Unguja zimewekwa ndani ya fremu za mbao zilizochongwa kisiwani, za nakshi ile ile inayoonekana kwenye milango ya Mji Mkongwe, na wauzaji huzitaja fremu hizo kama kitu kinachoongeza thamani. Milango ya Zanzibar sasa inalindwa kama urithi, na Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Hata hivyo, wakati wa mvutano wa mwaka 2011, mbao za Unguja zilizoizunguka sura ya Unguja hazikuifanya Unguja ihesabiwe kuwa na la kusema.

Kuna sababu ya kihistoria ya ukimya huo. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliuondoa usultani, na katika siku na miaka iliyofuata familia nyingi, hasa za Waarabu na za watu wenye asili ya Bara Hindi, ziliuawa watu wao, zikafukuzwa au zikakimbia. Waliosalimika walitawanyika Oman, Dubai, Mombasa, Dar es Salaam na Uingereza. Wale ambao wangeweza kusema "huyu ni babu yetu" hawakuwa tena mahali pamoja, na wengi walikuwa wameacha nyuma hata zile picha za studio zilizokuwa sebuleni. Stern alifariki mwaka 1966, miaka miwili tu baada ya mji alioujua kubadilika kabisa, na nyumba yake ya Rosebank ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1971.

Hapa ndipo kisa kinapogeuka, na ninasisitiza jambo hili kwa sababu huachwa mara kwa mara. Picha zilizoondolewa Unguja bila majina zimekuwa, kwa baadhi ya familia hizo, miongoni mwa nyuso chache zilizookoka. Kuondolewa kwake ndiko kulikozihifadhi. Hilo halifuti deni la mchoraji, bali linaliongeza uzito, kwa sababu kilichohifadhika kinakosa kitu kimoja ambacho kingekifanya kiwe mali ya kumbukumbu ya watu wake.

Nini kifanyike

Sioni faida ya kudai picha zirudishwe Zanzibar kana kwamba ziliibwa. Zilichorwa na kuuzwa na aliyezitengeneza, na sheria iko upande wa wanunuzi. Sheria mpya za sanaa nazo hazimfikii mwenye sura. Kenya, kwa marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 2019, imempa msanii haki ya kupata asilimia 5 ya bei kila kazi yake inapouzwa tena, hatua ninayoiunga mkono kwa moyo wote, lakini aliyekaa mbele ya msanii huyo hamo katika hesabu. Haki yake haitatoka kwenye bei ya picha, na kwa maoni yangu haihitaji kutoka huko. Inatakiwa itoke kwenye kumbukumbu.

Kazi ya kutafuta majina bado inawezekana, na muda wake ni mfupi. Mtu aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1945 alizaliwa mwaka 1935. Nakala kubwa na nzuri za picha zote za safari mbili zipelekwe Unguja, Pemba, Mombasa, Maskati na Dubai, zioneshwe wazee misikitini, katika jamatini za Mabohora na kwenye mikusanyiko ya familia, na maneno yao yarekodiwe kwa Kiswahili na Kiarabu. Picha za zamani za studio, pale zilipo bado, zilinganishwe nazo, kwa kuwa mtu yule yule anaweza kuwa alikaa mbele ya kamera miaka ile ile na jina lake kuandikwa nyuma ya karatasi. Gharama zibebwe na makumbusho zinazozimiliki picha na kampuni za minada zilizopata kamisheni kwa kuziuza.

Mchoraji wa leo anayekwenda kuchora watu wa kijiji au mtaa usio wake hana haja ya kungoja sheria. Aandike jina la mtu kama mwenyewe anavyotaka liandikwe, amweleze kwa lugha anayoielewa kwamba picha inaweza kuuzwa na kuonekana mbali, ampe nakala iliyochapishwa vizuri, na amwache aamue avae nini. Anayekataa jina lake litajwe aheshimiwe, na kukataa huko kuandikwe kama uamuzi wake, ili anayesoma miaka 70 baadaye ajue kwamba jina halikusahauliwa.

Na kwa picha za Unguja, jina likipatikana liandikwe juu kabisa ya maelezo ya picha, pamoja na nasaba, mtaa na kazi ya mtu huyo, huku kichwa alichokitoa mchoraji kikibaki chini yake ili historia ya namna picha ilivyoitwa isifutwe. Pale ambapo jina halijapatikana, maelezo yaseme hivyo kwa Kiswahili, yaeleze vazi lake kama watu wa Unguja wanavyolieleza, na yatoe anwani ambayo familia inaweza kuiandikia.